Zabibu ile ile, ardhi tatu

Katika mvinyo mweupe wa kila aina, mimi huchagua kwanza Chenin Blanc ya Vouvray, kwenye bonde la mto Loire nchini Ufaransa. Sisemi inazishinda zote. Ulimi wangu unapenda uchachu tu, na uchachu huo una asili yake.

Vouvray kuna baridi. Zabibu huiva taratibu, mara nyingine hadi Novemba, na wachumaji hurudi shambani mara kadhaa wakitafuta vichala vilivyokuwa tayari. Tunda linapoiva, sukari hupanda na asidi hushuka. Penye joto asidi hiyo huungua upesi. Penye baridi hudumu. Ndiyo sababu hata Vouvray yenye utamu haikinaishi: inaanza na asali, halafu unakuja ukali kama wa ndimu unaosafisha kinywa. Asidi hiyo hiyo huilinda chupa nzuri kwa miongo kadhaa.

Afrika Kusini, inakolimwa Chenin nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, zabibu hii iliitwa Steen kwa vizazi vingi, na sehemu kubwa ya mavuno ilikuwa ikiishia kwenye brandi. Leo naitafuta ya Swartland, yenye mizabibu mikongwe isiyoegemezwa kwenye waya, inayozaa kidogo kwa maji ya mvua pekee. Mvinyo wake ni mzito, una harufu ya pera lililoiva. Ukilazwa katika pipa jipya la mwaloni mimi siutaki, kwa kuwa mbao hulifunika tunda.

Dodoma nako Chenin ipo. Huko hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima akiupogoa unachipua tena, naye huvuna mara 2 kwa mwaka. Kwa jua lile, siku ya kuchuma ina uzito kuliko kazi yote ya kiwandani, maana ukichelewa kidogo uchachu umekwenda. Iliyochumwa mapema ni nyepesi, na kwa sato wa kukaanga naichagua kuliko hata Vouvray.

Atakayezijaribu asitie barafu. Azipoze, kisha aziache mezani dakika kama 15 kabla ya kumimina, kwa sababu baridi kali hufungia harufu, na tofauti ya ardhi hizi huanzia puani.