Kwa Nini Chuo cha Jamii Kina Jukwaa na Tanuri la Vyungu

Mzazi wetu anayefungua orodha ya masomo ya chuo cha jamii hapa Marekani huenda moja kwa moja kwenye uuguzi, uhasibu na kompyuta. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tulivyousiwa na waliotutangulia kubeba boksi: soma kitu chenye ajira. Akishuka kidogo kwenye orodha hiyohiyo atakuta ufinyanzi, uchongaji, piano, tamthilia na historia ya sanaa. Chuo chenye ada nafuu kuliko vyote mjini kina tanuri la kuchomea vyungu na ukumbi wenye jukwaa na mitambo ya taa. Wengi wetu hudhani hayo ni mapambo, au ni masomo ya vijana wasiojua waendako. Nadhani tunakosea, na tukiijua historia ya vyuo hivi tutawashauri watoto wetu vizuri zaidi.

Chuo cha kwanza cha umma cha aina hii kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901, kikiwa na wanafunzi 6. Wazo lilikuwa kwamba kijana asome miaka miwili ya mwanzo karibu na kwao, kwa gharama ndogo, kisha ahamie chuo kikuu akamalizie shahada. Kuhama huko ndiko kulikoipa sanaa mahali pa kudumu. Vyuo vikuu vya Marekani hudai kwamba hata mhandisi na muuguzi awe amesoma kidogo sanaa na fasihi kabla ya kuhitimu, hivyo chuo cha jamii nacho hakina budi kuyafundisha masomo hayo. Darasa la historia ya muziki hujaa wanafunzi ambao hawatapiga ala maishani, na kwa kuwa fedha za chuo hufuata sana idadi ya walioandikishwa, madarasa hayo yaliyojaa ndiyo yanayoyabeba yale madogo ya uchongaji na uigizaji.

Msukumo wa pili ulikuja mwaka 1947, wakati askari waliotoka Vita vya Pili vya Dunia walipokuwa wakimiminika vyuoni kwa fedha za serikali. Tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo hivi vienezwe nchi nzima na viwahudumie watu wote wa mji, wazee na wafanyakazi wakiwemo. Mji mdogo usio na ukumbi wa maonyesho ungeweza kuupata ndani ya chuo chake.

Lakini kabla hata ya tume hiyo, San Francisco ilikuwa imeshachukua hatua kubwa. Mwaka 1940 mchoraji wa Mexico, Diego Rivera, alialikwa kuchora mbele ya umati katika maonyesho makubwa yaliyofanyika Treasure Island, kisiwa kilichojengwa katikati ya ghuba. Watu walilipa kiingilio wakamtazama akiwa juu ya jukwaa la mbao, akipaka rangi kwenye plasta mbichi kabla haijakauka. Aliyemwalika alikuwa msanifu majengo Timothy Pflueger, ambaye wakati huo alikuwa akisanifu majengo ya chuo kipya cha jiji, kile tunachokiita leo City College of San Francisco, kilichoanza mwaka 1935. Tangu mwanzo mpango ulikuwa kwamba mchoro ule uende kukaa kwenye maktaba ya chuo hicho.

Hebu tulitafakari hilo. Rivera alikuwa miongoni mwa wachoraji mashuhuri kabisa duniani, na kazi hiyo ina upana wa zaidi ya mita 22 na urefu wa karibu mita 7, katika vipande 10 vilivyofungwa kwenye fremu za chuma. Ndani yake wamo mafundi wa Mexico ya kale, wahandisi wa Marekani, mchoraji Frida Kahlo akiwa na brashi mkononi, mwigizaji Charlie Chaplin, na katikati kabisa mungu wa Waazteki aliyeunganishwa na mashine ya kiwandani. Mali hiyo yote ilitengewa watoto wa makuli wa bandarini na wahamiaji, katika chuo kisichomchuja mtu mlangoni.

Vita vikaja. Maktaba haikujengwa, Pflueger akafariki mwaka 1946, na vipande vile vikabaki ndani ya makasha miaka nenda rudi. Mwaka 1961 ndipo vilipofunguliwa na kusimamishwa kwenye ukumbi wa kuingilia wa jumba la maigizo la chuo, lililosanifiwa na Milton, ndugu yake Timothy. Wanafunzi wa maigizo waliupita mchoro huo wakienda mazoezini. Mwaka 2021 ulihamishwa kwa mkopo hadi jumba la makumbusho la SFMOMA, na kuuhamisha tu kulihitaji wahandisi wa pande zote mbili za mpaka, maana plasta ile hupasuka kwa mtikisiko mdogo.

Miaka karibu 20 ndani ya makasha inanifunza jinsi sanaa inavyotendewa kwenye vyuo hivi: haikataliwi, lakini huambiwa isubiri. California inaonyesha hilo waziwazi. Mpango mkuu wa elimu wa mwaka 1960 uliahidi nafasi kwa kila anayeweza kunufaika, tena bila ada. Mwaka 1978 wapiga kura wakazibana kodi za majumba na viwanja zilizokuwa zikivilisha vyuo hivyo, na mwaka 1984 ada ikaingia, dola 5 kwa yuniti moja ya somo. Leo ni dola 46.

Pigo lililoigusa sanaa yenyewe lilikuja baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008. Nafasi zilipokuwa haba, jimbo liliamua zianze kuwafikia wanaotafuta shahada, na kuanzia mwaka 2013 mwanafunzi hakuruhusiwa tena kurudia darasa lilelile la sanaa muhula baada ya muhula, isipokuwa pale shahada ya chuo kikuu inapodai hivyo. Hesabu yake naielewa. Lakini ufinyanzi haufundishiki kwa muhula mmoja, na wazee waliokuwa wakirudi kila mwaka ndio walioshika mikono ya vijana kwenye gurudumu la udongo. Vyuo vingi vimewarejesha kwa madarasa yasiyo na yuniti. Nafurahi kwa hilo, ingawa mzee na kijana siku hizi mara nyingi hawakai tena meza moja.

Matunda nayo yapo. Mwigizaji Tom Hanks alisomea Chabot College, Hayward, katika miaka ya 1970, chuo kikiwa bado cha bure, kabla ya kuhamia chuo kikuu huko Sacramento. Mwandishi Octavia Butler alipata shahada yake ya miaka miwili Pasadena City College mwaka 1968. College of DuPage, nje kidogo ya Chicago, iliandaa mwaka 2021 maonyesho ya kazi 26 za Frida Kahlo, jambo ambalo majumba makubwa ya sanaa yangelionea fahari.

Basi kijana wako akisema anataka jukwaa, usimkatie kauli. Mkalishe na mshauri wa chuo kabla ya muhula wa kwanza. Kwa California, tovuti ya ASSIST huonyesha darasa gani litakubaliwa na chuo kikuu kipi, na zipo shahada za miaka miwili za uigizaji, muziki, historia ya sanaa na sanaa za studio zilizopangwa mahsusi kwa ajili ya kuhamia Chuo Kikuu cha Jimbo la California (CSU). Aulize mapema kama chuo anachokilenga kinadai majaribio ya jukwaani au mkusanyiko wa kazi zake, kwa sababu alama peke yake hazitoshi. Ajipange pia kwa muda: darasa la studio hula masaa mengi kuliko la nadharia lenye yuniti zilezile, na anayefanya kazi za usiku atalihisi hilo. Aliyekaa jimboni mwaka mmoja na siku moja kwa nia ya kubaki hulipa ada ya mkazi, mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msamaha wa ada hiyo, na mwaka 2017 ulianza mpango wa wakazi wa San Francisco kusoma City College bila ada, kwa fedha za kodi ya mauzo ya majumba ya bei kubwa ambayo wapiga kura wa jiji waliipitisha wenyewe.