Fahamu: Fildi mashali ni cheo gani?

Ukikaa barazani Oli, mjini Arua, na wazee waliowahi kuvaa magwanda, jina la Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko, halichelewi kutajwa. Nalo hutajwa na cheo chake: fildi mashali.

"Mashali" limezaliwa katika Kijerumani cha kale: marah ni farasi, scalc ni mtumishi. Mtunza farasi, basi! Likapitia Ufaransa likipanda hadhi, na Uingereza ikaanza kukitoa cheo hiki mwaka 1736, juu ya jenerali kamili. Alama yake ni fimbo mbili zilizopishana.

Amin aliingia King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1946 kupitia jikoni, msaidizi wa mpishi. Mwaka 1959 akawa effendi, cheo cha juu kabisa kwa askari Mwafrika wakati ule. "Afande" yetu imetoka kwenye neno hilohilo la Kituruki. Mwaka 1975, akiwa rais wa Uganda, akajivika ufildi mashali mwenyewe, kama John Okello wa Lango, kiongozi wa Mapinduzi ya Zanzibar, alivyojiita mwaka 1964.

Aprili 1979 Kampala ikaanguka na utawala wa Amin ukaisha. Watu wa West Nile, eneo la kwao Amin, hata wasiowahi kushika bunduki, wakaogopa kisasi na kukimbilia Sudan na Zaire na watoto mgongoni.