Bwawa, Konokono na Kichocho

Zamani, kila kiangazi, maji ya chumvi ya bahari yalipanda Mto Senegal, huko Afrika Magharibi, kwa masafa marefu. Mwaka 1986 bwawa la Diama lilikamilishwa karibu na mlango wa mto huo ili kuzuia chumvi na kustawisha kilimo cha umwagiliaji. Chumvi ilizuiwa. Lakini mwaka 1988 kichocho cha matumbo kiligunduliwa Richard-Toll, mji wenye mashamba ya miwa, na baada ya muda mfupi kikawaenea wakazi wengi.

Sababu ni ipi? Konokono wanaoeneza kichocho hustawi katika maji yasiyo na chumvi, yaendayo polepole na yenye magugu. Mifereji ikawapatia makao hayo. Isitoshe, kamba wa mtoni, ambao hula konokono, walizuiwa na bwawa kwenda kuzaa kwenye maji ya chumvichumvi, nao wakapungua.

Kinyesi cha mgonjwa kifikapo majini, mayai ya minyoo huanguliwa, na viluwiluwi vyake humwingia konokono. Humo huongezeka, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyemo majini. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo mwilini, bali haimkingi mtu asiambukizwe tena.

Kwa hiyo vyoo, maji safi na usafishaji wa mifereji havina budi kuhesabiwa pamoja na gharama za bwawa tangu mwanzo. Je, katika mradi wa umwagiliaji ulio karibu na shule yako, vimehesabiwa?