Tatu kwa Mbili, Sita kwa Tano

Wengi waketio kwenye meza ya blackjack huamini ya kwamba ni mambo mawili tu yanayoamua hatima ya fedha zao, bahati na ujuzi, wakalisahau la tatu ambalo limekwisha kukatwa kabla karata ya kwanza haijagawiwa, nalo ni masharti ya meza yenyewe. Mchezo ni ule ule, na shabaha ni ile ile ya kuikaribia 21 bila ya kuivuka. Ree yahesabiwa moja au kumi na moja, na mfalme, malkia na jeki kila mmoja kumi. Lakini idadi ya paketi za karata, wajibu wa mgawaji afikapo 17, ruhusa ya kuongeza dau na kiwango cha malipo hutofautiana baina ya kasino na kasino, na hata baina ya meza mbili zilizo chini ya dari moja. Siandiki haya ili kumvuta mtu kwenye kamari, ambayo wengi wetu twaijua kuwa ni haramu. Naandika kwa sababu aliyekwisha kuketi ana haki ya kujua anatozwa kiasi gani.

Maarifa haya yalipatikana kwa jasho. Mwaka 1956 wanaume wanne waliokuwa katika jeshi la Marekani huko Aberdeen, Maryland, yaani Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, walichapisha katika jarida la wanatakwimu wa nchi hiyo njia bora ya kuucheza mkono wowote, baada ya kuikokotoa kwa mashine za hisabu za mezani, na ikadhihirika ya kuwa aifuataye njia hiyo huachwa nyuma na nyumba, yaani kasino, kwa chini ya asilimia moja. Baada yao mwanahisabati Edward Thorp akaitumia kompyuta, na kitabu chake Beat the Dealer, kilichotoka mwaka 1962, kikafundisha umma jinsi ya kuzihesabu karata zilizokwisha kutoka.

Tazama kwanza idadi ya paketi. Mchezaji aliyepewa ree kutoka katika paketi moja amebakiwa na karata 51, na 16 kati yake zina thamani ya kumi, yaani 31.4 kwa mia. Paketi zikiwa nane, karata zilizobaki ni 415 na zenye thamani ya kumi ni 128, yaani 30.8 kwa mia. Mtu ataidharau tofauti hiyo, ilhali yamgusa kila atamanipo kukamilisha 21 kwa karata mbili, na kila aongezapo dau maradufu juu ya 11 yake. Ikijumlishwa yote, masharti mengine yakiwa sawasawa, kutoka paketi moja hadi nane humgharimu mchezaji karibu nusu ya asilimia.

Sharti la 17 ya mgawaji ndilo linalowahadaa wengi. Mgawaji ana ree na 6. Kwenye meza moja kanuni yamwamuru asimame, kwenye nyingine yamlazimu aongeze karata. Asiyezoea hudhani kanuni ya pili ni hisani kwake, kwa kuwa aongezaye karata hujitia hatarini. Kumbe 17 ni mkono dhaifu, haumshindi ila aliye chini yake, na mwenye ree hawezi kuvuka kwa karata moja, kwa maana ree yake hurudi ikahesabiwa moja. Akijaliwa 2, 3 au 4 amefika 19, 20 au 21. Akipata karata ya kumi amebaki na 17 ile ile. Ni kweli kwamba akipata kati ya 5 na 9 hushurutika kuendelea, na huenda akavuka, lakini hisabu ikifungwa nyumba imejiongezea kiasi cha 0.2 kwa mia.

Mwaka 1964 wenye kasino wa Las Vegas, wakihofia wasomaji wa kitabu cha Thorp, walikataza kuzigawanya ree mbili ziwe mikono miwili, na wakazuia kuongeza dau maradufu isipokuwa juu ya 11. Wachezaji wakaziacha meza, na haukupita muda mrefu kanuni za zamani zikarudishwa. Nimelitafakari sana tukio hili, kwa sababu badiliko lililokuja baadaye lilipokewa kwa utulivu wa kushangaza.

Kaida ya tangu zamani ni kwamba aliyepata ree na karata ya kumi katika mbili za mwanzo hulipwa tatu kwa mbili: ameweka dola 10, apewa 15. Mwanzoni mwa karne hii zikaenea Las Vegas meza zilipazo sita kwa tano, yaani dola 12. Mkono wa namna hiyo huja mara moja katika kila mikono 21 hivi. Basi mwenye kucheza mikono 100 ya dola 10 amepitisha mezani dola 1,000, na kwa sharti hilo peke yake amepunguziwa karibu dola 14. Lile katazo la 1964 lilimzuia mtu mkono wake waziwazi. Hili lamfikia wakati anapopokea ushindi, naye hukusanya dola zake 12 kwa furaha. Fauka ya hayo, meza nyingi za kwanza za sita kwa tano zilisifiwa kwa kutumia paketi moja, akavutwa yule yule aliyejifunza ya kuwa paketi chache ni bora.

Linalonikera zaidi ni nani anayelipa. Aghalabu meza za dau dogo ndizo za sita kwa tano, na za tatu kwa mbili zimewekewa kima cha juu cha kuanzia. Chukua meza ya kawaida ya paketi sita, ambayo mgawaji huongeza karata kwenye 17 yenye ree: mwenye uwezo, akicheza bila kosa, hutarajiwa kupoteza karibu dola 6 katika kila 1,000 azipitishazo mezani, na mwenye dau dogo, akicheza vivyo hivyo bila kosa, karibu dola 20. Kiwango cha malipo kimechapwa kwenye kitambaa cha meza, mbele ya macho yake, na mgawaji akiulizwa hukitaja.