Vitunguu vina cheti cha kuvuka mpaka, mtoto wako je?

Na Mwandishi Wetu, Taveta

JUMATANO ni siku ya soko hapa Taveta. Jua linapochomoza, wachuuzi kutoka Himo na Holili wameshavuka na vitunguu, nyanya na ndizi, na makuli wameshaanza kugombea mizigo.

Nyuma ya fungu moja la vitunguu alikuwa ameketi mvulana wa miaka tisa. Mteja akitoa noti, mtoto hurudisha chenji, ya Kenya au ya Tanzania, bila kukosea. Ilikuwa saa nne asubuhi ya siku ya masomo.

"Mama, kijana hayuko shule leo?" nilimuuliza mzazi wake.

"Shule yake ni hapa, kaka," alijibu huku akiendelea kupima. "Kusoma anajua, hesabu unaziona mwenyewe. Jioni namfundisha chumbani. Kosa langu liko wapi?"

Mtoto huyo aliandikishwa darasa la tatu upande wa Tanzania. Tangu mama yake apange chumba Taveta ili awe karibu na soko, hajaingia darasani. Shule ya zamani inamhesabu mtoro na shule mpya haimjui.

Swali la mama huyo ni la maelfu ya wafanyabiashara wa mpakani wanaoishi miguu miwili, mmoja huku na mwingine kule. Je, mzazi anaruhusiwa kumfundisha mwanawe mwenyewe? Na mtoto anayelala nchi moja na kuandikishwa nchi nyingine anafuata sheria ya nani?

Sheria humfuata mtoto alipo

Tuanze na Kenya, kwa kuwa ndiko mtoto huyo anakolala. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule mara kwa mara. Hakiwahusu Wakenya pekee. Kinamtaja mtoto ambaye ni Mkenya au anayeishi Kenya. Hivyo kitambulisho cha mama kuwa cha Tanzania hakimwondolei wajibu.

Mzazi anayepuuza bila sababu ya msingi, baada ya kupewa notisi ya maandishi na bodi ya elimu ya kaunti, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria hiyo pia inakataza kumpa mtoto wa umri wa shule kazi inayomzuia kusoma.

Upande wa Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimu mzazi kumwandikisha shule ya msingi mtoto aliyefikisha miaka saba, na kuhakikisha anahudhuria hadi amalize. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imekwenda mbele zaidi. Inataka elimu ya lazima iwe miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Wanafunzi walioanza darasa la tatu Januari 2024 watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027.

Uganda nayo, kwa sheria ya mwaka 2008, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kuanzia umri wa miaka sita, kwa muda wa miaka saba. Serikali inabeba ada katika shule zilizo kwenye mpango wake, lakini sheria hiyo inamwachia mzazi jukumu la chakula na mavazi.

Nchini Rwanda, Katiba inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na ni bure katika shule za umma. Burundi ilifuta ada za shule ya msingi mwaka 2005. Kongo iliandika wajibu huo katika Katiba ya mwaka 2006, ingawa wazazi walisubiri hadi Septemba 2019 kuona ada zikianza kuondolewa katika shule za msingi za umma.

Miaka na adhabu hutofautiana, lakini Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo zote zimeandika kuwa elimu ya msingi ni lazima.

Kumfundisha mwenyewe

Katika nchi nyingine mama wa Taveta asingekuwa na kesi. Nchini Marekani kumfundisha mtoto nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, kila jimbo na masharti yake. Sheria ya Elimu ya Uingereza ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ampatie mwanawe elimu inayomfaa, ama kwa kumpeleka shule au kwa njia nyingine.

Ujerumani ni kinyume chake. Mtoto lazima awe shuleni, na sababu za dini au msimamo wa wazazi hazitoshi kumbakiza nyumbani. Wazazi waliokwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya walishindwa mwaka 2006, na wengine wakashindwa tena mwaka 2019.

Afrika Kusini imeshika katikati. Mzazi anaweza kufundisha nyumbani, lakini lazima kwanza asajili mtoto kwa idara ya elimu ya jimbo. Sheria iliyotiwa saini Septemba 2024 iliongeza masharti.

Kwetu, mlango huo ni mwembamba. Sheria ya Tanzania inazungumzia kuandikishwa na kuhudhuria, na mafunzo ya chumbani jioni hayahesabiki kuwa mahudhurio. Kenya jambo hilo lilifika Mahakama Kuu jijini Nairobi, ambako wazazi walitaka vifungu vya lazima vitangazwe kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2021 ombi lao lilikataliwa. Sheria ya Kenya inataja shule "au taasisi nyingine" iliyoidhinishwa na waziri. Meza ya sokoni si taasisi ya namna hiyo, hata kama mtoto anajua kubadili fedha kuliko mwalimu wake.

Wenye kazi ya kuhama

Je, sheria kali lazima imwache nje mtoto wa mtu anayehamahama kutafuta riziki? Wengine wamepata njia.

Uingereza, sheria ile ya 1996 iliwafikiria wazazi wasio na makazi ya kudumu ambao biashara yao inawalazimu kusafiri kutoka mahali hadi mahali. Mzazi wa aina hiyo hapatikani na hatia ya utoro wa mwanawe akionyesha kwamba mtoto alihudhuria kadiri biashara ilivyoruhusu, na kama ametimiza miaka sita, alihudhuria angalau vipindi 200 vya nusu siku katika miezi 12. Hiyo ni sawa na siku 100 kamili. Msamaha upo, lakini una kipimo.

Ujerumani, pamoja na ukali wake, ina watoto wa wafanyabiashara wa maonyesho na wa sarakasi wanaohama na wazazi kila wiki chache. Mtoto huyo ana shule yake mama. Akiwa safarini anasoma katika shule ya mji alikofikia, huku akibeba daftari la shule. Humo walimu huandika amesoma nini, amefika wapi na anahitaji msaada gani. Akifika mji mwingine, mwalimu anafungua daftari na kuendelea pale mwenzake alipoachia.

Na si lazima twende Ulaya. Karamoja, Uganda, mwaka 1998 ulianzishwa mpango wa elimu kwa watoto wa wafugaji. Masomo yaliwekwa alfajiri kabla ya mifugo kutoka na jioni inaporudi. Ratiba ilifuata kazi ya familia. Tanzania nayo ina MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa watoto waliokosa nafasi ya kuanza au kuendelea kwa wakati.

Kwa hiyo mfugaji amefikiriwa. Mfanyabiashara wa mpakani, ambaye hotuba za utangamano humtaja kila mwaka, bado hajapata mpango wake.

Pengo la Jumuiya

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu mfanyakazi na mwenye kuanzisha biashara kuhamia nchi mwanachama pamoja na mwenza na mtoto wake. Ibara ya 11 inazitaka nchi zitambuane vyeti na zioanishe mitaala na mitihani. Kazi hiyo imeonekana zaidi katika vyuo vikuu, ambavyo vina baraza lao lenye makao Kampala. Mtoto wa darasa la tatu hana baraza.

Lango la forodha linaonyesha tofauti. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizo kwenye orodha, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anapata cheti rahisi cha uasili papo hapo mpakani. Ofisa wa upande wa pili anakisoma na kukikubali.

Mtoto anayevuka hana karatasi ya namna hiyo. Tanzania humpa namba ya PREM, Kenya humpa namba yake, na hakuna inayomtambulisha upande wa pili. Lugha nayo hubadilika. Shule za msingi za umma Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na Kenya masomo mengi huwa ya Kiingereza kuanzia gredi ya nne. Kalenda nazo hazilingani. Kenya na Tanzania huanza mwaka wa shule Januari, Uganda kwa kawaida Februari, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo huanza Septemba. Mtoto anayemaliza darasa Ngara mwezi Desemba akihamia Rwanda atakuta wenzake wako katikati ya mwaka.

Mawaziri wa elimu wa nchi wanachama hawahitaji kungoja mitaala ioane, kazi ambayo inaweza kuchukua miaka mingi. Daftari moja la mahudhurio na maendeleo, linalotambuliwa na shule za pande zote, lingeweza kuanza na miji ya mipakani: Taveta na Holili, Namanga, Busia, Mutukula, Rusumo, Goma na Gisenyi. Kama cheti cha vitunguu kinajazwa mpakani siku hiyo hiyo, hili haliwezi kuwa gumu kuliko hilo.

Kabla hujahama na mtoto

Hadi hapo mzigo ni wa mzazi. Usiondoke kimyakimya. Omba barua ya uhamisho na ripoti ya maendeleo shuleni anakotoka, ili jina lake lisibaki kwenye orodha ya watoro. Beba cheti cha kuzaliwa, nakala na halisi. Fika shule mpya wiki ya kwanza, kabla mwenye nyumba hajapokea kodi ya pili. Kama biashara ni ya msimu, pima iwapo mtoto anaweza kubaki kwa bibi au shangazi na kuendelea na shule yake, kuliko kumkatisha kwa miezi miwili ya soko.

Na masomo ya jioni yaendelee. Hakuna sheria inayomkataza mzazi kumfundisha mwanawe, ila hayachukui nafasi ya darasa.

Nilimweleza mama wa Taveta haya yote, pamoja na notisi na faini. Alinyamaza kidogo, akamtazama mwanawe aliyekuwa akihesabu noti. Kisha akaniuliza kama barua ya uhamisho huandikwa na mwalimu mkuu au na mtendaji.

Nilimwambia aanze kwa mwalimu mkuu. Alisema Ijumaa si siku ya soko, atavuka.