Kioo cha Kale: Usiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia

Wazee wetu wametuachia onyo la kutouziwa mbuzi kwenye gunia. Onyo hilo lilitolewa zamani za soko la wazi, wakati mnunuzi mwenye shaka aliweza kulifungua gunia na kumtazama mbuzi wake. Leo liko soko ambalo gunia halifunguliwi mpaka fedha zimekwisha kulipwa. Soko hilo ni mnada wa intaneti, na miongoni mwa bidhaa zinazouzwa humo ni vyombo vya kioo vya zamani: mabakuli, bilauri, taa na vyombo vya maua vilivyotengenezwa Ulaya na Marekani yapata miaka mia moja iliyopita.

Mnada wa namna hii ulipata nguvu tangu mwaka 1995, Pierre Omidyar alipoanzisha huko California soko lililokuja kuitwa eBay. Kabla ya hapo, mkusanyaji wa vioo alikwenda mwenyewe mnadani, akakishika chombo, akapitisha kidole mdomoni mwake kuona kama pana pengo, kisha akakigeuza na kutazama kitako. Leo hupewa picha na maneno ya muuzaji tu. Macho anayo, bali mikono amenyang'anywa. Na hapo ndipo mlaghai alipopata mwanya.

Silaha kubwa ya mlaghai ni jina. Émile Gallé, fundi mashuhuri wa mji wa Nancy nchini Ufaransa, alizaliwa mwaka 1846 na kufariki mwaka 1904. Vyombo vyake vya tabaka za rangi mbalimbali, vilivyochongwa maua na wadudu, huuzwa kwa bei kubwa sana. Nchini Romania vimetengenezwa vyombo vya kuiga mtindo wake, vikiandikwa "Gallé" pamoja na neno "Tip", maana yake namna ya Gallé. Mtengenezaji hakumficha mtu. Lakini mlaghai hulisaga neno hilo la pili likafutika, akabaki na jina tupu, na chombo cha juzi kikageuka kuwa urithi wa karne iliyopita.

Kwa René Lalique mambo ni kinyume. Yeye alifariki mwaka 1945, na baada ya hapo herufi R iliyotangulia jina lake iliachwa. Kwa hiyo mlaghai hafuti kitu, bali huongeza herufi moja ili chombo kionekane cha uhai wa fundi mwenyewe.

Tena, pengine jina lenyewe ndilo linalomfichua mwongo. Kiwanda cha Fenton cha Marekani kilianza mwaka 1907 kutengeneza kioo chenye mng'ao wa upinde wa mvua, kinachojulikana kama kioo cha kanivali. Vyombo hivyo vya mwanzo havikupigwa chapa ya jina la kiwanda. Chapa hiyo ilianza kutiwa mwaka 1970, kioo hicho kilipotengenezwa upya. Basi anayekuonyesha jina la Fenton kitakoni, kisha akadai kuwa chombo ni cha mwaka 1910, amejifunga kwa kinywa chake.

Askari mpelelezi atalielewa jambo hili upesi. Mtu akijitaja jina, bado hajathibitisha kuwa ndiye. Jina huandikwa kwa dakika moja, lakini umri hauandikwi. Chombo kilichosuguana na meza kwa miaka themanini huwa na mikwaruzo midogo kitakoni, mingine mirefu, mingine mifupi, ikielekea kila upande. Kitako kilichosuguliwa kwa msasa jana huwa na mistari iliyolingana, ikielekea upande mmoja. Hata kioo chenye urani, ambacho hung'aa kijani kikimulikwa kwa miali ya urujuanimno, hakithibitishi umri kwa mng'ao huo, kwani kioo cha namna hiyo kingali kinatengenezwa. Mng'ao huthibitisha urani, basi.

Kwa hiyo mnunuzi hana budi kumhoji muuzaji kabla ya kutaja bei. Aombe picha za kitako, za mdomo na za sahihi, zilizopigwa katika mwanga wa mchana. Aulize vipimo na uzito. Aulize kama pana ufa, kama mdomo uliwahi kusagwa ili kuficha pengo, na chombo kilipatikana wapi. Muuzaji mwaminifu hujibu, mlaghai huharakisha. Na anayeomba alipwe nje ya utaratibu wa soko anakuondolea kinga uliyo nayo ya kurudishiwa fedha. Mzigo ufungwe katika sanduku ndani ya sanduku, na utakapofika upigwe picha unapofunguliwa, maana hiyo ndiyo hati yako ya mashtaka.

Lipo jambo zito kuliko hasara ya mfuko. Ufundi wa kupuliza kioo ulianza katika pwani ya Shamu yapata miaka elfu mbili iliyopita, na vichupa vya zama za Warumi huchimbuliwa huko hata leo. Vingine huporwa katika makaburi na magofu wakati wa vita. Tarehe 12 Februari 2015, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2199, liliziagiza nchi zote kuzuia biashara ya mambo ya kale yaliyotolewa Iraki isivyo halali tangu tarehe 6 Agosti 1990, na Syria tangu tarehe 15 Machi 2011. Mwaka 2021 Interpol ilitoa programu ya simu, ID-Art, ambayo kwayo mtu yeyote aweza kuangalia kama kitu kimo katika orodha yake ya zaidi ya kazi 50,000 zilizoibwa.

Askari anayelinda amani ugenini, au anayekagua mizigo mpakani, aweza siku moja kuletewa kichupa kama hicho, kidogo na chepesi, chenye kung'aa rangi za njiwa. Asiulize bei kwanza. Aulize kimetoka wapi, nani alikuwa nacho, na hati iko wapi. Kioo hakisemi uongo. Wasemao uongo ni wanaokiuza. Na asiyeuliza kabla ya kulipa, atauliza baadaye, asipate wa kumjibu.