Ukomohedhi na Fizi: Mfano wa Mwanamke wa Ikonge

Muwa ni kipimo cha meno kisichohitaji daktari. Katika eneo la Ikonge, kaunti ya Nyamira, mama aliyezoea kumenya muwa kwa meno anapoanza kuukwepa na kuwaachia wajukuu, aghalabu haulizwi kitu. Husemwa kwamba umri umekwenda. Hata ngano nyingi za Kiswahili humchora ajuza kuwa kibogoyo, kana kwamba meno yaliandikiwa siku ya kuondoka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fasiri hiyo ina kasoro, na kwamba kasoro hiyo huwagharimu wanawake meno ambayo yangeweza kuokolewa.

Ukomohedhi, yaani kukoma kwa hedhi, huthibitishwa mwanamke anapokaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, pasipo sababu nyingine. Kwa wengi hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Kinachopungua hasa ni estrojeni, homoni ya ovari. Wengi hudhani kazi ya homoni hii huishia kwenye uzazi. La hasha! Fizi, tezi za mate na mifupa, ukiwemo ule wa taya unaoshikilia mizizi ya meno, huitegemea pia. Inapopungua, fizi huweza kusinyaa, zikapauka na kutoka damu kwa mguso mdogo tu wa mswaki. Wapo pia wanaohisi ulimi ukiwaka kama waliolamba pilipili, ilhali kinywani hamna kidonda.

Mate nayo huweza kupungua. Jambo hili huonekana dogo, lakini mate ndiyo mlinzi wa kinywa: huosha mabaki ya chakula, hupunguza makali ya asidi na kuyarudishia meno madini. Kinywa kikavu huoza upesi, hasa kwenye shina la jino ambapo fizi zimerudi nyuma. Dawa kadhaa zinazotumiwa sana katika umri huo, zikiwemo baadhi za shinikizo la damu, huzidisha ukavu. Naye mama aliyeacha muwa kwa sababu ya maumivu hugeukia ndizi laini, uji na chai yenye sukari. Njaa huondoka lakini sukari hubaki kwenye meno.

Hata hivyo, ukomohedhi peke yake haung'oi jino. Chanzo kikuu cha ugonjwa wa fizi ni ukoga na bakteria wake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba uvimbe wa fizi umeenea mno miongoni mwa watu wazima. Kwa hiyo mwanamke wa Ikonge huufikia ukomohedhi akiwa tayari na adui kinywani. Mabadiliko ya homoni humpunguzia silaha tu. Adui huyo huzuilika: mswaki laini mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, maji ya kunywa mara kwa mara, na kuondolewa ukoga mgumu kliniki.

Kikwazo kingine ni lugha. Hedhi husemwa kwa tasfida, na mama wa makamo huona haya kuitaja mbele ya tabibu aliye rika la mwanawe. Husema tu, "Jino linatikisika." Tabibu naye asipouliza, jino hung'olewa na chanzo hubaki. Yapo mambo mawili ambayo mama huyo anapaswa kuyataja hata asipoulizwa: kwamba hedhi imekoma, na dawa anazotumia. Iwapo anatumia dawa za kuimarisha mifupa za jamii ya bifosfoneti, ni lazima aseme kabla ya jino kung'olewa, kwani mara chache dawa hizo husababisha mfupa wa taya kukosa kupona.